Mvinje Si Msindano: Hadithi ya Koo za Mimea

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na mwenye mchanga miguuni akaukung'ute pembeni kwanza. Leo sina hadithi ya sungura wala ya sultani. Nina hadithi ya mimea, na naianzia pale mnapopajua nyote, pwani ya Jambiani, siku za bamvua, maji yamekupwa mpaka kule mbali mawimbi yanakovunjikia mwambani.

Akina mama wameshuka na kamba zao. Wanafunga mwani kwa taitai, kipande baada ya kipande, kisha kamba wanaikaza baina ya vigingi viwili. Kilimo hiki kilianza hapa Unguja mwaka 1989, na hadi leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Pembeni ya kamba zao huota kitu kingine: majani marefu membamba ya kijani yaliyoushika mchanga barabara. Hizo ni nyasi za bahari. Nyinyi mnazikanyaga mkikimbilia pweza, hamzitazami. Sasa nijibuni: mwani na nyasi hizo ni ndugu?

Najua mtasema ni ndugu. Vinaishi bahari moja, vinayumba na maji yale yale, vyote vinateleza mkononi. Basi nawaambia, undugu wao ni wa mbali mno. Nyasi za bahari ziko karibu zaidi na majimbi yanayochemka jikoni kwa mama yenu kuliko na mwani ulio hatua moja kando yao.

Wimbi likitupa unyasi mmoja ufukweni, uokoteni. Una mizizi. Una shina lililolala chini ya mchanga, na kwenye pingili zake ndiko majani yanakochipukia. Inueni jani mlitazame kwenye jua, mtaona mistari iliyonyooka kutoka chini mpaka juu. Hiyo ni mishipa, njia za kupitishia maji na chakula ndani ya mwili wa mmea. Na msimu wake ukifika, unyasi huu huchanua. Ndiyo, huchanua chini ya maji, ua dogo lisilo na rangi ya kuita nyuki, maana nyuki hafiki huko. Chavua yake inabebwa na bahari. Kisha unazaa tunda lenye mbegu.

Sasa shikeni mwani. Tafuteni mzizi, hamuoni. Tafuteni shina, tafuteni jani, hakuna. Kata huku, kata kule, mwili ni ule ule, na kila sehemu inajinywea bahari yenyewe. Ndiyo maana mkulima hukata kipande, akakifunga kwenye kamba, na baada ya wiki sita hivi akavuna. Mwani haujawahi kuwa na ua, wala mababu zake hawakuwahi.

Kwa hiyo anayetaka kuyajua makundi makubwa ya mimea haulizi kwanza mmea unaishi wapi, ni mrefu au mfupi, unaliwa au hauliwi. Anauliza mambo mawili: maji na chakula vinapitaje mwilini mwake, na watoto unawapataje? Majibu hayo ndiyo yanayoonesha nani ametoka kwa nani. Mimea ina koo kama sisi tulivyo na koo, na ukoo wa mtu hautambuliwi kwa nguo aliyovaa.

Watu walichukua muda mrefu kulifahamu hili. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Mgiriki mmoja aitwaye Theophrastus aliandika vitabu vya mimea, akaigawa kwa maumbile ya nje: miti, vichaka, vichaka vidogo na majani. Alikuwa hodari wa kutazama, nami namheshimu sana. Lakini kwa mgawo ule mkwaju ungekaa na miti, maharage yangekaa na majani, na kumbe hao ni ukoo mmoja. Fungueni ukwaju, kisha fungueni ganda la maharage, mtaona mbegu zimejipanga mstari mmoja ndani ya ganda refu, huku na huku sawa. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi akachapisha kitabu chenye mimea karibu aina 6,000, na kila aina akaipa jina la maneno mawili, utaratibu tunaoufuata hadi leo. Yeye aliyahamisha macho kutoka kwenye kimo akayapeleka ndani ya ua, akahesabu viungo vya kiume na vya kike. Kuhesabu peke yake kulimfanya aweke pamoja mimea isiyo ndugu, lakini macho yalikuwa yameshafika mahali pake.

Twendeni sasa nchi kavu. Mababu wa mimea yote ya ardhini walitoka majini, na maji yenyewe hayakuwa ya bahari. Yalikuwa maji baridi. Ule utelezi wa nyuzi za kijani unaouona dimbwini baada ya masika una undugu wa karibu na mti kuliko mwani mwekundu wa Jambiani. Wataalamu wanakadiria kwamba mimea ilianza kushika ardhi kiasi cha miaka milioni 470 iliyopita. Ikakutana na shida moja kubwa. Mababu zake majini walizoea hivi: seli ya kiume inaogelea mpaka ilifikie yai. Nchi kavu itaogelea wapi? Lishikeni swali hilo, msiliachie, kwa kuwa makundi makubwa ya mimea yanatofautiana kwa namna yalivyolijibu.

Kundi la kwanza halikutafuta jibu, lilingoja mvua. Tazameni ukuta wa kisima cha zamani, upande usiopata jua, au mawe ya msitu wa Jozani. Kuna vimea vifupi vya kijani vimejishika hapo, laini ukivigusa, ambavyo watu wengi huviita kuvumwani. Havina mizizi ya kweli wala mishipa kama ile tuliyoiona kwenye unyasi. Maji yanapita polepole toka seli hadi seli, na ndiyo sababu haviwezi kurefuka. Siku vikilowa, seli za kiume huogelea katika utando mwembamba wa maji mpaka kwenye mayai. Kiangazi vinasinyaa vikawa rangi ya vumbi, ukadhani vimekufa, na mvua ya kwanza inavirudisha. Vimea hivi na jamaa zake ni aina zipatazo 20,000 duniani.

Kundi la pili ni makangaga, na hapa nataka tukae kidogo.

Jozani maji yako karibu na uso wa ardhi, na chini ya mitondoo na michikichi makangaga hujaa tele. Kangaga lina mizizi, lina mishipa, kwa hiyo linaweza kusimama na kurefuka. Bara, kwenye milima ya Usambara na Kilimanjaro, yapo makangaga yenye shina kama mti, marefu kuliko mtu. Mishipa ilitatua suala la kunywa. Suala la kuzaa bado.

Geuzeni jani la kangaga mtazame chini yake. Mtakuta vidoa vya kahawia vimepangwa safu mbili safi. Wengine hudhani ni ugonjwa, au mayai ya mdudu. Kila kidoa ni kundi la vifuko vidogo mno, na ndani ya kila kifuko mna spora. Hewa ikikauka kifuko hupasuka na kuzirusha. Spora si mbegu. Mbegu ina mtoto ndani na akiba ya chakula. Spora ni seli moja tu, haina mtoto wala akiba ya maana. Ikiangukia ardhi yenye unyevu inaota, na kinachoota si kangaga! Kinaota kijani chembamba chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole chenu cha mwisho, kimelala juu ya udongo. Mnakipita kila siku bila kukijua. Kile ndicho chenye mayai na seli za kiume upande wake wa chini. Umande au mvua ikikilowesha, seli ya kiume inaogelea, inalikuta yai, na hapo ndipo kangaga linapoanza kuchipua toka chini ya ule moyo mdogo. Kangaga likishika ardhi, moyo unanyauka.

Kwa hiyo kangaga mnaloliona lilizaliwa na kile kimoyo, na kimoyo nacho kilitokana na spora ya kangaga. Vizazi viwili vinapokezana, na mama hafanani na mwanawe hata kidogo. Aliyeonesha kwamba mpango huu wa vizazi viwili umo ndani ya kuvumwani, makangaga na hata miti yenye koni, yaani misindano na jamaa zake, alikuwa muuza vitabu wa Leipzig, Ujerumani, aitwaye Wilhelm Hofmeister. Aliacha shule akiwa na miaka 15 na kujisomesha mwenyewe. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali, lakini kwa karibu yalikuwa makali, na kabla ya kazi za duka alijifungia alfajiri na hadubini yake. Mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 27, alichapisha kitabu kilichoyaunganisha makundi ambayo watu waliyaona hayana uhusiano. Mimi nikiwaeleza habari za mimea, ni yeye ninayempenda kuliko wote.

Jibu la kweli la swali letu lilikuja na mbegu. Mmea wa mbegu hauitumi seli ya kiume ikaogelee nje. Unaifunga ndani ya chavua, na chavua inasafiri kavu, kwa upepo au kwa mdudu. Yai nalo linakaa ndani ya mwili wa mama, na mtoto akishaanza kukua anavalishwa ganda na kuwekewa chakula. Tangu hapo mimea ikaweza kwenda hata pasipo na dimbwi wala umande.

Pwani yetu ina mmea mmoja unaotuonesha hatua hiyo, nao ni mtapo. Kwa mbali mtaudhani mnazi mfupi: shina moja, kilele cha majani marefu yaliyochanika. Lakini sogeleeni mtapo jike. Katikati ya kilele mna vijani vifupi vyenye manyoya, na mbegu zimekaa ukingoni mwake, nje kabisa, hazikufunikwa na tunda. Ndiyo maana kundi la tatu linaitwa mimea ya mbegu uchi. (Msizile mbegu hizo. Zina sumu, na waliozitumia zamani wakati wa njaa walijua namna ya kuzitayarisha, nyinyi hamjui.) Jambo la ajabu kuliko yote ni hili: chavua ya mtapo dume ikifika kwenye mbegu changa, seli ya kiume hutoka na bado huogelea, safari fupi sana, katika tone la maji lililomo humo humo ndani. Mwaka 1896 wataalamu wawili wa Japani, Hirase na Ikeno, walizigundua seli hizi zinazoogelea, Hirase kwenye mti wa ginkgo na Ikeno kwenye jamaa wa karibu wa mtapo huu wetu.

Katika kundi hili la mbegu uchi wamo pia mtarakwa na podo wa milima ya Afrika Mashariki, na misindano iliyopandwa kwa maelfu ya hekta Sao Hill, kule Mufindi. Msindano huzaa koni, na ukiibandua koni magamba utakuta mbegu zimelala juu ya gamba, wazi. Kundi zima lina aina 1,000 na kidogo tu.

Sasa inueni macho mtazame mvinje huu tuliokaa chini yake. Una majani kama sindano. Umedondosha vitu vya mviringo vyenye magamba, ambavyo mnarushiana mchana kutwa. Nani atasema si msindano? Niokoteeni "sindano" moja. Ivuteni taratibu kwa mikono miwili. Imekatika, sivyo? Imekatika kwenye kiungo, wala haikuchanika. Tazameni pale ilipokatikia, pana vijino vyembamba vimezunguka, sita hadi vinane. Vile vijino ndivyo majani ya mvinje! Mlichokiita jani ni kijiti cha kijani. Na kile mnachorushiana si koni, ni kishada cha matunda madogo; kila mdomo unaofunguka huachia tunda moja dogo lenye mbegu yake. Mvinje una maua, madogo mekundu yasiyotafutwa na mtu, na chavua yake hupeperushwa na upepo. Uko kundi moja na mwembe na mkorosho, na msindano hauko humo.

Basi tumeshaingia kundi la nne, mimea ya maua, na alama yake kubwa imo katika mfuko. Mbegu hazikai wazi, zinakua ndani ya mfuko uliofungwa, na mfuko huo ukikomaa ndio tunaouita tunda, liwe embe, ganda la kunde, au kile kijitunda kikavu cha mvinje. Kundi hili lina aina zaidi ya 300,000. Kati ya kila aina kumi za mimea ya nchi kavu, tisa hivi ni za humu. Kwa hiyo halitoshi kuitwa kundi tu, lazima tuulize matawi yake, na kwa hilo hatuhitaji kwenda msituni. Leteni sinia la viungo vya pilau.

Anzeni na karafuu. Ni ua lililochumwa kabla halijachanua. Juu pana kipira, hizo ni petali zilizokunjwa. Chini ya kipira mna meno manne, na ndani ya ule mwili mrefu, chini kidogo ya meno, umo mfuko wa mbegu. Mkarafuu na mzambarau ni ndugu wa karibu kabisa, na mpera ni jamaa yao. Wekeni karafuu upande mmoja wa sinia. Wekeni pembeni yake bizari nyembamba, kisha nyanya na pilipili hoho za kachumbari. Hawa wote, wakiota, hutoa majani mawili ya kwanza, yaani mbegu zao zina ghalambegu mbili. Loweka kunde usiku, asubuhi imenye ganda, itajigawa nusu mbili mkononi: ndizo hizo ghalambegu.

Hiliki wekeni upande wa pili. Ipasueni, mtaona vyumba vitatu. Hiliki, tangawizi na manjano ni ukoo wa ghalambegu moja, na mgomba ni jamaa yao wa karibu. Mgomba si mti: shina lake ni ala za majani zilizofungana, na ndiyo maana panga moja linauangusha. Mnazi umo, vanila imo, kitunguu na thomu vimo, majimbi yamo pamoja na nyasi za bahari, na mchele wenyewe umo. Mishipa ya majani yao mara nyingi imenyooka sambamba, mizizi yao ni mingi myembamba, na maua yao hupenda hesabu ya tatu.

Zimebaki pilipili manga na mdalasini. Vitabu vingi vya shule vinagawa mimea ya maua mara mbili, ghalambegu moja na ghalambegu mbili, na kwa kipimo hicho hawa wangekwenda kwa karafuu, kwani mbegu zao zina ghalambegu mbili. Lakini mwaka 1998 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mpangilio mpya uliotegemea vinasaba, na huo pamoja na kazi zilizoufuata ukaonesha kwamba hawa wana tawi lao, lililojitenga zamani sana. Chavua za ukoo wa karafuu na kunde kwa kawaida zina mianya mitatu. Za tawi hili kwa kawaida zina mwanya mmoja, kama nyingi za upande wa hiliki. Kungumanga iko humu pia, na mparachichi, na mstafeli. Mkipata ua la mstafeli lihesabuni: petali tatu nene nje, na tatu nyingine ndani. Mnaona inavyotatanisha? Ghalambegu mbili, na hesabu ya tatu. Mgawo wa mara mbili ulikuwa mwembamba mno kwao.

Basi fanyeni chungu tatu katika sinia, chungu ya karafuu, ya hiliki, na ya pilipili manga. Kisha kaleteni ndimu, ufuta, mahindi, korosho na manjano, mmoja mmoja auweke mmea wake mahali pake na aniambie sababu. Atakayetaja rangi au ladha arudie upya. Mwenye mahindi aanze.